Mapigo ya Asubuhi

Kama kuna mahali ambapo mtu hapaswi kupita na baiskeli begani, basi ni ngazi za daraja la waenda kwa miguu, Jumamosi saa sita na nusu mchana, wakati wanaopanda na wanaoshuka wote wameamua kutumia upande mmoja. Lakini mwanamke yule alipita. Alikuwa amevaa fulana ya manjano iliyombana, yenye mifuko mitatu mgongoni, na katika mfuko wa katikati ndizi ilikuwa inachungulia watu. Kaptula nyeusi ilimfika magotini. Viatu vyake vilikuwa na chuma chini, na kila ngazi aliyokanyaga ilijibu ko, ko, ko, utadhani anapita punda wa tajiri.

Kinyozi alikuwa anashuka. Naye, kwa balaa lake, siku hiyo alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazi, limefuliwa na kupigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Walipopishana, baiskeli ilimgusa kifuani. Ilimgusa tu. Alipotazama chini akakuta alama nyeusi ya grisi, nusu duara yenye meno, kana kwamba ameng'atwa na mashine.

"Dada! We dada wa baiskeli!"

Mwanamke akasimama, akageuka, na baiskeli ikageuka pamoja naye. Watu watatu wakainama kwa mpigo mmoja kama askari wa gwaride.

"Samahani sana, kaka. Nimekuumiza?"

"Mimi hujaniumiza. Koti ndilo umeliua."

Akalitazama lile koti, akamtazama na mwenyewe. "Wewe ni daktari?"

"Kinyozi."

"Afadhali. Ungekuwa daktari ningeona aibu zaidi."

"Kwa hiyo kinyozi achafuliwe tu, hana mwenyewe?"

"Sijasema hivyo. Nisikilize: hiyo usiitie maji, utaisambaza. Paka sabuni ya vyombo ikiwa kavu, usugue taratibu kwa mswaki wa zamani, ndipo uoshe."

"Nina mswaki mmoja, na si wa zamani."

"Basi lilete nilifue mwenyewe. Jumatatu, ofisi ya vifurushi, dirisha la tatu. Ulizia Mama Chiriku."

"Mama Chiriku," Kinyozi akarudia, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Na Baba Chiriku akiniona naleta koti?"

"Baba Chiriku alikwenda zake siku nyingi, wala hakuacha koti."

Akapanda ngazi zilizobaki, ko, ko, ko, na Kinyozi akabaki katikati ya daraja anasukumwa na mji mzima. Hakujua kama amekosewa au amebahatika.

Jumatatu alikwenda. Alijiambia anafuata usafi wa koti, na labda miguu yake iliamini. Dirisha la tatu alimkuta mtu mwingine kabisa: blauzi ya samawati yenye kola, nywele zimebanwa nyuma, miwani puani, anapima vifurushi kwenye mizani na kugonga mihuri kama aliyegombana na karatasi. Koti likafuliwa, likarudi na kivuli cha meno. Kinyozi akalalamika. Likafuliwa tena. Akalalamika tena, na tena, mpaka dada wa dirisha la pili akawa anapaza sauti akimwona mlangoni: "Mama Chiriku, mteja wako wa grisi!"

Baada ya hapo koti lilibaki nyumbani, akawa anakwenda mwenyewe.

Zikaja simu. Kinyozi humpigia mchana, kabla ya chakula.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Napima sanduku la mtu. Kaandika nguo, lakini linanuka samaki. Wewe?"

"Nanyoa. Niko nyuma ya sikio la mtu."

"Basi tazama sikio, usinitazame mimi."

"Wewe huonekani."

"Ndiyo maana nakwambia."

Sasa, Mama Chiriku alikuwa anaishi siku tatu ndani ya siku moja. Alfajiri alikuwa mpanda baiskeli wa mashindano, mmoja wa wanawake kumi na wanane waliofundishwa na Kocha, mzee mfupi mwenye goti bovu aliyewafuata kwa pikipiki huku akiwagombeza kwa upole. Mchana alikuwa mama wa dirisha la tatu. Jioni alikuwa mama wa Chiriku, binti wa miaka saba ambaye jina lake la shuleni lilikuwa zuri tu, ila hakuna aliyelitumia, maana mtoto yule alianza kuongea akiwa na miezi kumi na tangu hapo hajapumzika. Siku hizo tatu zilishikiliwa na mtu mmoja, Bibi, mama yake Mama Chiriku. Kisha dada mkubwa wa Mama Chiriku, anayekaa upande wa pili wa mji, akajifungua pacha, Bibi akafunga begi akaenda kulea. Alfajiri ikabaki haina mtu.

"Nitakuja mimi," Kinyozi alisema.

"Saa kumi na moja alfajiri?"

"Mimi ni kinyozi, si sultani. Naamka."

"Atataka kusukwa kabla ya shule."

"Nywele ni kazi yangu."

"Kazi yako ni kuzipunguza."

Siku ya kwanza alimsuka mistari miwili ambayo haikukubaliana inakwenda wapi. Chiriku alijitazama kwenye kioo, akasema, "Anko, huu mmoja unaenda shule, na huu mwingine unarudi." Lakini baada ya mwezi alikuwa amejua. Alfajiri Mama Chiriku hutoka na kofia yake ngumu, yeye huingia na chanuo mfukoni. Hupishana pale mlangoni, penye baridi. Wakati mwingine Kinyozi hupewa busu, wakati mwingine hupewa tu habari kwamba maziwa yamechemka. Chai, uji, sare, kiatu kimoja chini ya kitanda. Saa moja na nusu mama hurudi amelowa jasho, anawakuta wawili wanabishana kuhusu twiga, naye husimama pale na viatu vyake vya chuma akicheka mpaka anashika ukuta.

Kinyozi alikuwa na miaka thelathini na minane. Alishawahi kupenda, akaachwa. Alishawahi kuacha pia, kwa hiyo deni hakuna. Lakini hajawahi kuwa na nyumba ambayo akiingia mtu anamuuliza mbona umechelewa. Akakata shauri: nyumba hii ndiyo. Huyu mama na huyu mtoto ndio. Alikuwa anasubiri tu mchujo wa timu ya taifa ya baiskeli, ambao Mama Chiriku alikuwa anaufanyia mazoezi, upite, ili aseme.

Dirishani jikoni kwa Mama Chiriku, kwenye msumari, lilining'inia daftari la buluu. Kila akiamka, kabla hajatia mguu chini, aliweka vidole viwili shingoni, akahesabu mapigo ya moyo dakika nzima, halafu akaenda kuandika. Ilikuwa amri ya Kocha. Mapigo yakiwa machache, mwili umepumzika. Yakipanda, kuna kitu kinauchosha. Kinyozi hakuwahi kulifungua. Alilichukulia kama kalenda ya mwenye nyumba: ipo, lakini si yako.

Wiki tatu kabla ya mchujo, saa tano asubuhi, simu ikaita kibandani. Kinyozi alikuwa na mashine mkono mmoja na brashi mkono wa pili, akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka nje hadharani. Kwenye kiti alikaa Karani wa mahakama, mtu ambaye nywele zake zote zisingejaza kisoda, lakini alikuja mara mbili kwa wiki kutengeneza ndevu na kukusanya habari.

"Mpenzi," ikasema simu, "uko peke yako?"

"Niko na Karani."

"Basi nisikilize tu. Kesho usije."

"Kesho mna mapumziko?"

"Hapana. Usije kesho, wala keshokutwa. Wiki mbili, au tatu. Mpaka mchujo upite. Na usinipigie."

Karani akaacha kupumua ili asipitwe na neno.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Kuna mtu?"

"Mtu gani? Alfajiri niko kilimani na wanawake kumi na saba na mzee wa pikipiki!"

"Chiriku atasukwa na nani?"

"Na jirani."

"Jirani yule? Yule si anasuka kamba!"

"Usiniulize maswali ya nywele, tafadhali. Nitakueleza yote, siyo sasa. Nakupenda."

Simu ikakatika. Kinyozi akabaki ameshika mashine hewani, inanguruma bure.

"Usije, halafu nakupenda," Karani akasema polepole. "Mahakamani tungesema maelezo ya shahidi yanapingana."

"Labda amechoka."

"Aliyechoka husema nimechoka."

"Labda ni Kocha."

"Kocha ana goti bovu, si moyo mbovu. Mimi nakwambia, kaka, wiki mbili si bure. Shemeji yangu alimwomba mumewe wiki mbili. Sasa hivi ana watoto wanne na fundi bomba."

"Kaa sawa nisikukate."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kizunguzungu. Mwili wake ulishazoea. Saa kumi na robo macho yalifumbuka yenyewe, mkono ukatafuta chanuo, halafu akakumbuka. Alipanga makosa yake moja moja kama mtu anayepanga nguo. Alimwambia Chiriku kwamba twiga hana sauti? Aliacha kikombe juu ya mashine ya kufulia? Siku ile alipochelewa dakika nne? Kila kosa alilolipima lilikuwa jepesi mno kumfukuzisha mtu, na yote kwa jumla hayakufika uzito wa busu moja la mlangoni. Aliandika ujumbe, akaufuta. Akaandika mwingine, "Mistari minne inamkaa vizuri kuliko sita," akaufuta huo nao.

Siku ya tano alishindwa. Alfajiri akaenda kusimama kwenye kona, mwanzo wa kilima, akajifanya anasoma tangazo la chumba cha kupanga. Walikuja. Kwanza ule mlio wa matairi mengi kwa pamoja, kama mafuta yanayoanza kuchemka, halafu taa ndogo, halafu wenyewe. Mama Chiriku alikuwa wa pili. Wa pili! Kwenye kilima ambacho siku zote alikipanda akiwa wa saba au wa nane na kukitukana mpaka juu. Mdomo umefungwa, mabega yametulia, uso unang'aa. Hakumwona.

Kinyozi alirudi kwa miguu. Alijikuta anatabasamu. Alifurahi kwa ajili yake, na furaha ile ikamuuma. Mtu anakufukuza halafu anapendeza. Aelewe nini hapo?

Wiki ya tatu, Alhamisi mchana, mlango wa kibanda ukafunguka, akaingia Bibi mwenyewe, kitenge kimefungwa imara, anamvuta Chiriku kwa mkono. Kichwa cha mtoto kilikuwa kama uwanja baada ya mkutano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Niokoe na hiki kichwa. Jirani amekiharibu, na mimi vidole vimekufa ganzi kwa kubeba pacha."

"Kumbe yuko kwako siku hizi?"

Bibi akatazama pembeni. "Kwa muda."

"Mama ametutoa," Chiriku akasema, ameshapanda kitini.

"We mtoto!"

"Si kweli? Anko alitoka kwanza. Mimi nimetoka Jumapili."

Kinyozi akaanza kumchana, taratibu, kutoka nchani. "Ametutoa vipi, bibie?"

"Kama pedali." Alisema kama anayeeleza jambo la kawaida kabisa. "Baiskeli yake ilikuwa inalia, krii, krii. Akatoa kiti akaendesha amesimama, ikalia. Akarudisha kiti, akatoa kibeba chupa, ikalia. Akabadilisha pedali, ikanyamaza. Kumbe pedali! Sasa na daftari likawa linalia. Lilisema hamsini na sita. Kocha akasema hamsini na sita ni nyingi, kuna kitu nyumbani kinakuchosha, tafuta. Kwa hiyo mama akakutoa wewe kwanza."

Chanuo likasimama.

"Halafu?"

"Halafu namba zikashuka. Halafu akanitoa mimi. Zikashuka tena." Akageuza shingo kumtazama, macho makubwa. "Anko, akinipigia simu analia. Kama namba zimeshuka, analia nini?"

"Sijui, mama."

"Na Bibi hajui."

"Mimi najua mengi," Bibi akasema, "ila mwanangu akishika hesabu namwacha. Alikuwa hivyohivyo tangu mdogo. Tulimnunulia saa akaifungua aone inakoficha dakika."

Kinyozi alimsuka mistari sita iliyonyooka kama reli. Alipomaliza, alivua aproni, akavaa koti, akamwambia Karani, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la kusubiri ingawa juzi tu alitengenezwa ndevu, "Nilindie kibanda."

"Niseme umekwenda wapi?"

"Sema mwenyewe hajui."

Foleni ya dirisha la tatu ilikuwa ya watu wanane. Akapanga. Alipofika mbele, Mama Chiriku alikuwa ameinamia kitabu cha mihuri.

"Kifurushi kiko wapi?"

Kinyozi akavua koti lake jeupe, akalikunja, akaliweka kwenye mizani.

Mama Chiriku akainua uso. Miwani ikateleza hadi ncha ya pua.

"Linakwenda wapi?" akauliza, sauti imepungua.

"Nyumbani kwako. Mimi niliambiwa nisiende."

"Nilikwambia nitakueleza."

"Nimeshaelezwa. Mimi ni pedali."

"Chiriku!" Akafumba macho.

"Usimguse mtoto. Ndiye pekee aliyenihurumia. Nijibu swali moja: ikaisha? Ile kelele, ulipotutoa, ikaisha?"

Mwanamume aliyekuwa nyuma na sanduku la viatu akakohoa. "Dada, na sisi tupo."

"Dakika moja, kaka." Akainamia tundu la kioo. Angeweza kudanganya, Kinyozi aliona jinsi uongo ulivyomjia hadi midomoni, ukarudi. "Ilikuwa hamsini na sita. Ulipoondoka, hamsini na moja. Alipoondoka Chiriku, arobaini na saba. Sijawahi kuona arobaini na saba maishani mwangu."

Kinyozi akapiga hesabu. "Kwa hiyo mimi ni mapigo matano."

"Usiseme hivyo."

"Na Chiriku manne. Nimemshinda mtoto kwa moja." Alitaka kucheka, kicheko kikakwama. "Na kilima unakipanda ukiwa wa pili. Nimekuona."

"Basi umeona. Unadhani nimefurahi? Naamka nyumba kimya, nahesabu, naandika namba nzuri, halafu nakaa ukingoni mwa kitanda sijui kinachofuata. Nina miaka thelathini na mitatu. Mchujo mwingine baada ya huu ni miaka miwili. Hii ndiyo nafasi yangu. Nikiikosa nikiwa na ninyi, nitawatazama kila siku nikijiuliza. Nikiipata bila ninyi..." Akaushika muhuri bila kuugonga. "Sijui. Ningejua ningekwambia. Sijui chochote, mpenzi."

"Ungeniambia tu hivyo. Sijui. Hata mimi sijui, tungekaa wawili hatujui."

"Ungekubali kukaa mbali?"

"Ningelalamika wiki nzima, halafu ningekubali."

"Dada!" sanduku la viatu likasema tena.

Kinyozi akachukua koti lake mizanini. "Nenda Jumapili ukashindane. Shinda. Mimi sitapiga simu. Ila tofauti ni hii: pedali ukiitoa na kuirudisha, hairudi na kinyongo. Mimi ninacho."

Akaondoka bila kugeuka nyuma, na nje akajikuta amesimama juani ameshika koti, hajui njia ya kibandani ni kulia au kushoto, njia ambayo amepita miaka tisa.

Jumapili alifungua kibanda. Hakufungua redio. Karani alikuja saa nane kamili, akakaa, akasema ndevu zimekua. Hazikuwa zimekua, lakini Kinyozi alimpaka povu kwa sababu alihitaji mikono yake iwe na kazi.

"Ungekwenda kutazama," Karani akasema kupitia povu.

"Nimesema siendi."

"Na akishinda?"

"Atakwenda kambini miezi mitatu."

"Na akishindwa?"

"Atasema ni kwa sababu yetu."

"Kwa hiyo unaomba nini?"

Kinyozi akafungua wembe, akaukagua kwenye mwanga. "Tangu asubuhi naomba kimoja, nageuka naomba cha pili. Huko juu watakuwa wamenichoka."

Alikuwa ameshanyoa shavu moja pale Mama Chiriku alipoingia. Viatu ameshika mkononi, miguuni ana soksi zilizoloa tu. Chumvi ya jasho ilikuwa imemkauka usoni mistari mistari, goti moja limechubuka, na mgongoni namba kumi na nne inaning'inia kwa pini moja. Baiskeli ilibaki nje, na Chiriku nje nayo, ameshika usukani, anawaeleza wapita njia mambo yote tangu mwanzo. Bibi alikuwa amekaa kwenye kreti, amekata tamaa ya kumnyamazisha.

"Nimekuwa wa tatu," Mama Chiriku akasema.

"Wanachukua wangapi?"

"Watatu."

Karani akapiga makofi chini ya aproni. Kinyozi hakusogea. Moyo wake ulipanda na kushuka kwa pamoja, kama ngazi za lile daraja la Jumamosi.

"Hongera. Kwa kweli. Hongera sana."

"Ngoja. Nilipovuka mstari, nikashuka, miguu inatetemeka, nikatafuta wa kumwambia. Wenzangu kila mmoja ana watu wake wamemkumbatia. Kulikuwa na mama anauza maji. Nikamwambia, mama, nimekuwa wa tatu! Akaniuliza, unataka ya baridi au ya kawaida?"

Kinyozi akauma mdomo asicheke.

"Cheka tu. Mimi nilikaa chini nikalia na hayo maji yangu ya kawaida. Halafu nikamfuata Kocha. Nikamwambia kila wiki kambini nitalala siku nne, siku tatu nitakuwa nyumbani kwangu. Akasema hizo siku tatu zitanitoa kwenye timu. Nikamwambia huenda."

"Akasema?"

"Amenipa mwezi mmoja. Nikipungua kasi, wa nne ameshafunga begi."

"Na utapungua?"

"Huenda. Wewe ni mapigo matano." Akajifuta pua kwa glavu. "Halafu nikamwonyesha daftari, nikamwambia tazama nilivyojitesa. Mzee akacheka mpaka goti likamuuma. Akasema wote kumi na wanane namba zimeshuka. Wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano tunapunguza vilima, ili mwili upumzike. Kila mwaka zinashuka. Kila mwaka ananiambia, na mwaka huu niliposhikwa na hofu nikasahau."

Nje ilisikika sauti ya Chiriku: "...ndiyo akatoa kiti, akaendesha amesimama..."

"Kwa hiyo," Kinyozi akasema polepole, "mimi si mapigo matano."

"Labda mawili. Labda kumi. Hakuna anayejua."

"Hili la vilima ulilijua kabla ya kumwambia Kocha siku tatu, au baada?"

"Baada. Naapa. Muulize mwenyewe."

"Samahani, mama," Karani akaingilia, upande mmoja msafi, upande mmoja umejaa povu, "lakini tuseme ukweli, baiskeli ukishaitoa pedali inakwendaje?"

"Nyamaza wewe," Kinyozi akamwambia, "una wembe shingoni." Akamgeukia Mama Chiriku. "Bado nina kinyongo."

"Najua. Kilete nacho. Nyumba ina nafasi."

"Siku ukitaka kunitoa tena, nitaambiwa kwanza natolewa kwa nini. Mdomoni mwako, siyo mdomoni mwa mtoto."

"Utaambiwa."

"Na Chiriku naye aambiwe."

"Nimemwomba msamaha njiani. Amesema atafikiri." Akaweka viatu chini, akasimama wima na soksi zake zilizoloa. "Mimi sijui kama nitabaki kwenye timu. Sijui kama nitakuwa mke mzuri siku tatu kwa wiki, wala kama hizo tatu zitawatosha. Ila tuoane. Nimetafuta namna nzuri ya kusema tangu kwenye mstari wa mwisho, sikuipata. Tuoane."

Karani akatoa sauti ndogo, kama birika linalokaribia kuchemka.

Kinyozi akamtazama mwanamke yule: chumvi usoni, goti la damu, namba inayoning'inia. Akajaribu kujipanga, asikie kama anafurahi au anaogopa, na akashindwa kuvitenganisha.

"Kesho Chiriku anasukwa na nani?"

"Na wewe."

"Saa kumi na moja."

"Kasorobo. Kocha hataki mchezo sasa."

"Kasorobo." Akaufuta wembe povu. "Na hilo jingine uliloniambia, mimi silijibu nikiwa na wembe kwenye koo la mtu."

Mama Chiriku akangoja. Karani akangoja, povu linamkaukia shavuni, hathubutu kumeza. Mlangoni kikatokea kichwa chenye mistari sita iliyonyooka.

"Amesema nini? Mama, Anko amesema nini?"

Kinyozi akauweka wembe mezani.